Ufunguo na Rozari

Nangara,
Babati, Manyara.
Jumapili, 11 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Adrian,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana najua barua haiwezi kuitikia shikamoo. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na baridi hiyo ya kutisha? Ile picha mliyotuma mkiwa mmesimama kwenye theluji niliwaonyesha majirani, mmoja akaniuliza kama ndugu yangu anaishi ndani ya friji. Vaeni nguo nzito jamani, kifua si kitu cha kuchezea.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua za vuli zilichelewa kidogo ila zikaja, na mbaazi zinapendeza. Mguu wangu unauma kama kawaida yake, nimeuzoea. Jambo la uchungu ulishalisikia kwa simu: Bibi Vailet wa Bonga ametutoka, yule aliyekuwa akitupa maziwa mgando tukitoka shuleni. Pole sana, mdogo wangu. Msiba huo umo ndani ya haya ninayotaka kukueleza, nitaufikia.

Najua unacheka. Dada ana simu ya kupangusa, anaandika barua ya nini? Sababu ya kwanza ni kwamba ujumbe wa sauti nikirekodi hapa nyumbani wanasikia wote mpaka kwa jirani, na jambo hili silitaki limfikie kaka Kasimiri kwa mdomo wa watu. Sababu ya pili ni Sista wa parokia anayesafiri kuja huko kwenye masomo. Ameniahidi atakupa mkononi barua hii na kitu kingine nilichokifunga kwenye kitambaa. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Nakujua wewe, tangu utoto hukuweza kuvumilia kifurushi.

Adrian, naogopa. Nimeanza kuogopa tangu ujumbe wako wa Krismasi, ule uliosema umepita mbele ya jengo moja hapo New York ukaona majina ya watu yamechongwa kwenye chuma, mengi ya wasichana, na umri wao pembeni. Ukasema ni mafundi cherehani walioungua mwaka 1911 kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ulisema umesoma umri wa mmoja ukaona ni miaka kumi na minne, ukamkumbuka binti yako, ukaondoka unafuta machozi. Wewe ulikuwa unanipa habari za mjini, kama unavyotuambia habari za treni za chini ya ardhi. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliweka ungo chini nikausikiliza ujumbe ule upya mpaka wali wa watu ukachelewa.

Nilikwenda kwa Mwalimu Marseli, jirani yetu anayefundisha historia sekondari, nikamwomba anieleze. Mwalimu ukimuuliza historia ya Marekani umemfungulia bomba. Alianza na marais, akaingia kwenye matajiri wa chuma na reli, nikamwambia mwalimu, mimi nataka moto tu. Ndipo akanieleza vizuri.

Anasema wale wasichana walikuwa wengi wao ni wageni, Wayahudi na Waitaliano waliotoka kwao kutafuta maisha, kama wewe. Walishona blauzi ghorofani, juu sana. Miaka michache kabla ya moto mafundi wa mji ule walifanya mgomo mkubwa wakati wa baridi. Binti mmoja mdogo wa umbo alisimama kwenye mkutano uliojaa wanaume wenye maneno marefu, akasema yeye amechoka na maneno, wagome. Wakagoma kweli. Wakapigwa, wakawekwa ndani, ila viwanda vingi vikakubali kukaa nao mezani. Wenye kiwanda kile cha moto hawakukubali yote. Mlango ukaendelea kufungwa, eti mafundi wasitoke na vitambaa.

Adrian, hapo nilimkatiza. Nilimwambia rudia. Akarudia: wasitoke na vitambaa.

Moto ulianza Jumamosi jioni, watu wakijiandaa kurudi nyumbani. Ulianzia kwenye mabaki ya vitambaa chini ya meza. Matajiri wenyewe walikuwa juu kabisa, wakapita kwenye paa wakapona. Ngazi za zimamoto hazikufika kule walikokuwa wasichana. Wakakimbilia mlango, ukagoma. Na mtu aliyekuwa na ufunguo, inasemekana alikuwa ameshashuka kwa njia nyingine. Watu mia moja arobaini na sita wakafa, wengine kwa kujirusha. Kesi ikapelekwa mahakamani, matajiri wakaachiwa, kwa kuwa haikuthibitishwa pasipo shaka kwamba walijua mlango umefungwa saa ile. Mwalimu aliendelea na habari ya mwanamke aliyekuwa anakunywa chai karibu na hapo, akakimbia kwenda kuangalia, akaona kwa macho yake, na miaka mingi baadaye Rais Roosevelt alipomfanya waziri wa kazi, mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini kwao, moto ule ulikuwa bado uko kichwani mwake. Habari hiyo ni nzuri, lakini mimi nilibaki pale pale kwa mtu mwenye ufunguo.

Kwa sababu mtu mwenye ufunguo hapa Babati ni mimi.

Hukujua, nadhani. Unajua tu kwamba kaka Kasimiri ana karakana ya ushonaji ghorofani, kwenye lile jengo la barabara ya Dodoma, na mimi nina banda langu la chakula chini ya ngazi. Unajua Coletha wangu anashona pale, na kola zake watu wanazifuata. Usilolijua ni kwamba mwaka juzi suruali za sare za shule zilikuwa zinatoka zimefungwa tumboni chini ya kanga. Ni kweli zilikuwa zinaibwa, simsingizii mtu. Kaka akaweka mlango wa grili juu ya ngazi, na kufuli. Asubuhi mafundi wakishaingia, linafungwa. Mchana linafunguliwa nikipeleka chakula, jioni linafunguliwa waende makwao. Na ufunguo akanipa mimi, dada wa damu, kwa kuwa nipo hapo chini kutwa nzima na kwa kuwa hamwamini mtu mwingine. Nilijisikia mtu wa maana, nikauvaa kwenye kamba moja na rozari yangu. Tangu hapo msalaba na ufunguo vinagongana kifuani nikitembea.

Madirisha ya kule juu yana nondo, kama madirisha yetu yote. Mlango ni huo mmoja. Coletha alichagua cherehani ya mwisho kabisa, ya dirishani, kwa sababu anapenda kuona ziwa akiinua kichwa. Ukihesabu kutoka mlangoni yeye ndiye wa mwisho. Chini ya kila meza kuna mabaki ya vitambaa, na msimu huu wa kufungua shule yanafika magotini. Umeme ukikatika wanawasha pasi ya mkaa. Sasa niambie, baada ya ujumbe wako ningelala vipi?

Nilimwendea kaka. Nilimwamkia vizuri, nikamsubiri amalize chai, nikamweleza habari ya New York tangu mwanzo. Alinisikiliza, hilo nampa. Halafu akacheka, akasema hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani, na Adrian amekosa kazi ya kufanya huko mpaka anasoma kuta. Nikamwambia basi walau wafunge geti la chini, mbele ya banda langu, la juu liachwe. Akaniangalia kwa yale macho ya baba. Unayajua. Nikakusanya vikombe nikaondoka.

Usimchukie. Ndiye aliyetulea baba alipofariki, na ada yako ilitoka kwenye ng'ombe wake. Kwa mila zetu yeye sasa ndiye baba, na neno lake likitoka halirudishwi na dada anayepika maharage. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilinyamaza Krismasi nzima na mwaka mpya, nikawa napanda ngazi mara kwa mara kunusa. Mafundi wakawa wananitania, eti Mama Coletha ameanza kuzeeka, kila saa anauliza nani ameunguza kitu.

Halafu ikaja Alhamisi.

Simu ililia asubuhi kwamba Bibi Vailet amekata roho. Wewe umeondoka siku nyingi, ila hujasahau msiba wa kwetu unavyotuchukua. Wanawake walipita bandani, mmoja akanivua aproni, mwingine akanifunga kanga, bajaji ikasimama, tukaingia tunalia. Sikufikiri kitu kingine. Nilimwachia jirani chungu, nikazima mlio wa simu kwa heshima ya marehemu, nikaitupa kwenye mkoba. Nani anayekwenda msibani akiwa anafikiria makufuli?

Tulifika Bonga. Niliingia ndani, nikamkuta binti wa marehemu amekaa mkekani. Nikainama kumkumbatia, na nilipoinama, kifuani kwangu kikalia kile kisauti. Chuma kwa msalaba.

Mwenzangu, ufunguo nilikuwa nimeondoka nao. Sikusema pole. Sikumaliza hata kumkumbatia. Nilitoka pale mbio, wanawake wakadhani nimepandwa na uchungu wa msiba, wakanifuata kunishika, nikawasukuma. Nilipanda bodaboda ya kwanza niliyoiona, nikamwambia kijana kimbia, mtoto wangu nimemfungia. Akafikiri ni mtoto mchanga, akakimbia kweli.

Njia nzima nilikuwa najiambia hakuna kitu, Hilaria, tulia, wamekaa wanashona, wanakusengenya tu. Tulipoingia mjini nikaona watu wamesimama barabarani wanaangalia juu. Nikaangalia na mimi. Moshi ulikuwa unatoka madirishani, na kwenye nondo ilikuwa imejaa mikono. Mikono mitupu, Adrian, nyuso hazionekani. Mmoja ulikuwa na bangili nyekundu ya shanga. Bangili hiyo nilimnunulia mimi mnadani.

Nilipanda ngazi zile na mguu wangu huu mbovu, sijui nilipandaje. Nikaushika ufunguo, ukawa hauingii. Naugeuza upande huu na ule, unateleza kwenye chuma. Ndani wanakohoa, wananiita, Mama, Mama, na mimi nashindwa kutia ufunguo kwenye tundu. Shaaban dereva wa bajaji, anayekula kwangu kila siku, alikuwa pale juu na chuma anajaribu kulivunja kufuli. Halikuwa na hata mkwaruzo. Akaninyang'anya kamba nzima, rozari ikakatika, punje zikamwagika ngazini, akafungua.

Walitoka wote. Namshukuru Mungu na namshukuru tena: walitoka wote. Umeme ulikuwa umekatika, wakatia mkaa kwenye pasi, kaa likadondoka kwenye mabaki chini ya meza. Waliuzima wenyewe kwa maji ya kunywa na kwa chai ya kwenye chupa, na kwa kukanyaga. Nguo zilizoungua si nyingi. Moshi ndio ulitaka kuwaua. Walinipigia simu mpaka wakachoka, na simu yangu ilikuwa kimya ndani ya mkoba, inamheshimu marehemu.

Coletha alitoka wa mwisho. Nilijua angetoka wa mwisho. Uso wote masizi, macho mekundu. Nikamvuta kifuani. Hakulia, hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, "Mama, ulikuwa wapi?"

Nikifumba macho nasikia hilo swali. Yule mtu wa New York kwenye mwaka ule wa 1911, aliyeshuka na ufunguo, labda na yeye alikuwa mtu wa kawaida tu mwenye haraka zake. Nilimhukumu sana mtu yule, Mwalimu aliponieleza. Sasa simhukumu tena, namwogopa.

Kaka alikuja jioni. Aliangalia mashati kwanza, halafu akawaangalia watu. Akatoa pole, akawaruhusu wakapumzike hadi Jumamosi. Nikadhani sasa ameelewa. Lo! Aliniita pembeni akaniambia kwamba ufunguo nimeshindwa kukaa nao, basi kuanzia Jumatatu atakaa nao yeye mwenyewe. Yeye, Adrian! Mtu anayeshinda shambani Bonga kuangalia mahindi, ambaye simu yake haishiki mtandao akiwa kule! Nikamwuliza, na moto ukiwaka tena? Akasema, "Si wamezima?" Akapanda pikipiki yake.

Nilitaka Coletha asirudi. Amekataa. Anasema wenzake wote wanarudi, na yeye ndiye anayemalizia kola, na shule zinafunguliwa wiki hii. Amesema mama usiogope. Mtoto wa kike ana moyo wa baba yake marehemu, hasikii.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo unapoingia wewe.

Unakumbuka ulivyokuja likizo mwaka juzi? Mimi uliniletea sweta na dawa ya mguu. Kaka alikuwa amekuagiza kufuli, kufuli la kweli, lisilokatwa kwa msumeno wala kuvunjwa kwa nyundo. Ukaleta. Alilionyesha ukoo mzima, akawa analiita "kufuli la Adrian". Ndilo hilo. Ndilo Shaaban alilolipiga kwa chuma mpaka mikono ikamtoka malengelenge. Wewe unalia mbele ya majina ya wale wasichana huko, na kufuli ulilolinunua huko huko limemfungia mwanangu huku. Sikulaumu, mdogo wangu, hukujua. Nakuambia ili sasa ujue.

Jana Jumamosi jioni, mafundi walipoondoka, ilikuwa zamu yangu ya mwisho kufunga. Nilifunga. Ila nilifunga na kile kikufuli cha kabati la banda langu, cha dukani hapa mjini, ambacho mtu mzima akikigonga kwa nyundo kinafunguka. Kina funguo tatu. Mmoja nitampa kaka kesho kwa adabu zote. Mmoja nimempa Coletha, utakaa ndani, kwenye droo ya cherehani ya kwanza mlangoni, mkono unapita kwenye nondo za grili vizuri, tumejaribu. Wa tatu ninao mimi.

Na kufuli la Adrian sasa unaweza kulifungua kutoka kwenye kitambaa. Ndilo hilo zito. Ufunguo wake nimeutumbukiza chooni, na huo wa akiba alionao kaka abaki nao, auweke kabatini pamoja na vyeti. Usilirudishe Babati hata akikuomba kwa machozi. Lakini ukishalishika mkononi mwako na kusikia uzito wake, mpigie. Wewe anakusikiliza, wewe ndiye msomi wake, anakutaja kwa kila mgeni. Mwambie ulikopita, mwambie umri uliousoma pale. Mwambie wale matajiri waliachiwa kwa kuwa haikujulikana kama walijua. Yeye na mimi tunajua.

Naogopa kesho, sikufichi. Naogopa macho yake, naogopa atamfukuza Coletha, naogopa atatamka neno baya juu yangu, na wewe unajua neno la aliyesimama mahali pa baba linavyomwandama mtu. Anaweza kununua kufuli jingine kabla ya saa nne. Akilinunua nitahamisha mafiga yangu, nitapika pale pale juu mlangoni na nyundo kando yangu, wateja wangu wapande ngazi wakitaka kula.

Coletha anakusalimu sana, anasema mjomba usilie ovyo barabarani. Mwalimu Marseli anakusalimu, anataka kujua kama lile jengo linaruhusiwa kupigwa picha ndani. Shaaban naye anakusalimu, na anasema safari nyingine ulete kitu laini. Tusalimie shemeji na watoto, na binti yako huyo mkubwa umkumbatie kwa niaba yangu, umkumbatie kwa nguvu.

Mungu awalinde mkilala na mkiamka, na kila mlango mnaoingia awape na wa kutokea. Utuombee, na hasa kesho asubuhi, ingawa barua itakapokufikia kesho hiyo itakuwa imepita. Utakuwa unasoma jambo lililokwisha, na mimi hapa sijui limekwishaje. Ninachokijua ni kimoja tu: Coletha akiniita kutoka ndani, akiniuliza niko wapi, nitamwitikia niko hapa ngazini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Hilaria, Mama Coletha